Zamu ya Saa Tisa

Simu inatetemeka juu ya kabati la vikombe.
Vardø imelala chini ya theluji, na jua
tuliliaga Novemba; halijarudi.
Napapasa miwani. Kitone chekundu:
kuna mama yuko macho mtaani.

Programu haimtaji jina. Inasema tu:
mtoto, siku ya tisa.
Titi la kushoto, dakika nne. La kulia, amekataa.
Nepi, moja. Mama, analia.
Kilio kina kitufe chake: uso wa mviringo
wenye tone moja la bluu shavuni.
Nimelia sana katika umri wangu,
sijapata kulia tone moja.

Mimi ni Turid. Miaka thelathini na mmoja nilipasua samaki,
na kidole changu cha shahada kilibaki mashineni.
Zahanati ilitufunza Jumamosi mbili, wanawake wanane,
ikatupa kahawa, keki kavu na nywila.
Naandika kwa gumba, polepole:
*Nipo.*

Ananijibu kwa lugha ya kwao,
herufi za duara, kama pete zilizomwagika mezani.
Simu inanitafsiria: "Maziwa yangu yamekasirika."
Nadhani alisema yamevimba, yanachoma.
Lakini lilivyokosewa ndivyo nilivyolielewa.

Maana hata yangu yalikasirika, mwaka sabini na sita.
Nesi alikuwa na saa ndogo kifuani, inaning'inia kichwa chini:
*Kila saa nne, Turid. Si kabla.*
Nikakaa kitandani natazama ukuta,
Jostein analia chumba cha pili,
blauzi imelowa mpaka kiunoni.
Wiki ya tatu nikakauka.
Hakuna aliyenilaumu. Walinipa kopo na kijiko cha kupimia.

Sasa saa ile imehama kifua cha nesi, imeingia simuni,
inahesabu dakika, inachora milima ya rangi ya waridi,
na chini yake ushauri unajileta wenyewe:
*Toka nje na mtoto, mpate mwanga wa jua.*
Januari! Huku!
Aliyeandika hayo anaishi kusini, tena mbali.

Nauliza: *Nije?*
Ananitumia picha ya dole gumba.

Thamayanthi anafungua mlango, nywele hazijachanwa.
Mumewe Kugan yuko zamu, kwenye meza iliyokuwa yangu.
Na mama yake yupo, ameegemezwa kwenye kopo la sukari,
ndani ya kioo kilichopasuka pembeni:
Jaffna kumekucha, jogoo anasikika,
na bibi amekunja taulo, amelipakata,
anaonyesha. Hivi. Si hivyo. *Hivi.*

Sijui neno lake hata moja. Naye hajui langu.
Nachovya kitambaa katika maji ya moto, nakikamua,
nauonyesha mkono wangu wa vidole vinne,
bibi anaucheka, kisha anatikisa kichwa: naam, hapo, polepole.
Tumbo kwa tumbo. Pua ielekee chuchu.
Msubiri apanue mdomo kama anayepiga mwayo.

Mara ya kwanza, hapana.
Ya pili, hapana, na Thamayanthi anasema jambo
ambalo sitaki kutafsiriwa.
Ya tano mtoto anashika.

Tukanyamaza wote watatu, Jaffna na Vardø,
tukisikiliza koo dogo likimeza.

Simu yake ikalia: *Umesahau kurekodi?*
Akanyoosha mkono. Nikaifunika kwa taulo.

Saa mbili asubuhi zahanati wakanipigia:
namba fulani, saa tano bila rekodi yoyote,
je, kuna tatizo?
Nikasema upepo uliangusha mtandao.
Wakaamini.
Huku upepo unaaminiwa kwa lolote.